Lenzi Isiyotoka

Hosteli ya wasichana, ghorofa ya tatu
4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima wa mwili na roho, isipokuwa magoti, maana lifti ya hosteli imekufa tangu Desemba na wa kuifufua bado hajazaliwa. Bibi hajambo? Mwambie lile sweta alilonifumia limekuwa mali ya chumba kizima. Mwenzangu anayesoma sheria alilivaa siku ya mtihani akafaulu, sasa wananipangia foleni. Mama ameniambia umepaka rangi mlango wa studio, lakini rangi gani hakusema. Dada yako unamjua, habari anazigawa kwa kijiko.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Mara ya mwisho tuliongea robo saa nzima, na mpaka leo sina hakika kama ulijua unaongea na mimi.

Haya, nisizunguke sana. Mwishoni mwa mwaka huu wa pili darasa letu la habari linagawanywa: kuna wa redio, wa uandishi na wa picha. Unajua mimi nalilia wapi. Nafasi za picha ni kumi na mbili, tunaozitaka tunapita arobaini. Kuingia ni lazima upeleke picha kumi ulizopiga kwa kamera yako mwenyewe, kabla ya tarehe 31 Mei. Na siyo kamera yoyote tu. Wanataka ile wanayoiita DSLR, yenye kioo ndani na lenzi inayochomoka, kwa sababu mwaka mzima watakuwa wanatufundisha kubadilisha lenzi. Kamera za chuo ni tatu, na moja imeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Nisipokuwa na yangu wananipeleka redio, na sauti yangu unaijua, hata paka wa hapa hosteli anahama nikiimba.

Likizo nzima nilipanga vitabu maktaba, na Mama ameniongezea kidogo. Nilichonacho kinatosha kamera moja ya bei ya chini. Nikikosea, hakuna ya pili. Wewe ndiye mpigapicha wa ukoo, mjomba. Niambie nishike ipi.

Mpwa wako,
Kiroboto


Studio
19 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Barua yako imefika na kona moja imelowa, sijui mlikuwa mnainywesha nini huko. Bibi yako yupo, anakula, analalamika, kwa hiyo ni mzima. Amegombana na daktari juu ya chumvi na lawama za pande zote mbili zinaishia kwangu. Mlango nimeupaka bluu. Mama yako alitaka kahawia, ndiyo maana hakukwambia.

Kazi si haba, tunashukuru. Studio haikosi watu wa kuingia na kutoka. Yule bwana wa ng'ambo ya barabara naye bado yupo na kile kibao chake cha "Picha kwa Dakika Tano". Mimi humwita hivyo hivyo, Dakika Tano. Mwaka wa tisa huu tunatazamana dirisha kwa dirisha na salamu hatupeani. Mtu akikupiga picha kwa dakika tano, dakika nne amezitumia kutafuta chenji.

Sasa kamera. Hongera kwanza kwa kutaka kazi ya watu wenye subira, wewe ambaye ukiwa mdogo hukukaa kwenye stuli yangu hata mara moja bila kuruka, hadi nikakupa hilo jina. Najua siku hizi ni kadi, si filamu. Kadi sizijui na sitajifanya nazijua. Lakini kamera ni kamera.

Ishike mkononi kabla hujauliza bei. Ikiwa nyepesi, irudishe. Kamera nyepesi ni mwongo, nilikwambia hivyo ukiwa na miaka saba na nakwambia tena leo. Yangu ya kwanza ilinivuta shingo mpaka nikawa natembea kama anayetafuta sarafu chini. Iwe kubwa, iwe nyeusi, ijaze viganja vyote viwili. Kisha ifyatue karibu na sikio. Mlio uwe mkavu, usiwe wa kukohoa kohoa. Ukipata hiyo, lipa uondoke nayo, usiwape muda wa kubadilisha mawazo.

Bibi yako ananiambia nikuandikie ukweli. Nimemuuliza ukweli upi, amerudi kwenye ufumaji wake. Wazee wana mambo.

Wako,
Mjomba


Hosteli
3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ushauri wako nimeupata, ahsante sana. Bluu ni nzuri, Mama atazoea. Mwambie Bibi chumvi aipunguze, mimi niko upande wa daktari, ila usimwambie ni mimi niliyesema.

Habari za huku ni zile zile. Fundi wa lifti alikuja, akaitazama, akaondoka kwa ngazi. Wenzangu wawili wameshapata kamera, mmoja kanunuliwa na kaka yake, mwingine kaazimwa na jirani. Mimi bado natazama tazama. Hakuna haraka.

Nina swali dogo, si langu, ni la mwenzangu wa chumbani. Hivi lenzi huwa inakaza? Kwa mfano mtu amezungusha kwa nguvu, na mwalimu naye amezungusha, ikakataa kutoka, inaweza kuwa imekwama tu? Kuna mafuta ya kupaka? Hakuna mahali pengine pa kubonyeza, nyuma labda au chini? Nauliza tu.

Wasalimie wote. Usijali kuhusu mimi.

Kiroboto


Studio
22 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Sisi wazima. Bibi yako amejua upande wako kwenye vita vya chumvi, kwa sababu barua zako anazisoma kabla yangu na kuzirudisha kwenye bahasha, anadhani mimi kipofu. Amesema sweta lirudishwe. Anatania, lakini ukilikosa kabatini usinilaumu.

Mwambie mwenzako asipake mafuta kwenye lenzi hata tone moja, labda kama ana mpango wa kuikaanga. Na huyo mwenzako simwelewi. Mwezi uliopita ulisema anasoma sheria. Mwanasheria anataka kuchomoa lenzi ya nini?

Wewe sikiliza vizuri sasa, maana yale niliyokwambia mwezi uliopita yanahitaji kurekebishwa. Usinunue mpya. Tafuta toleo la nyuma kidogo, lililokwishapitwa na matoleo mawili au matatu, kwa sababu picha yake haitofautiani kiasi cha kukuumiza na bei yake imeshuka. Ziko zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, zina mwili mdogo na zinakuja na lenzi yake ya kuvuta kidogo. Hiyo inakutosha mwaka wa kwanza. Kitakachobaki, weka ununue baadaye lenzi moja isiyovuta, yenye kitundu kipana, ya kupigia ndani ya nyumba bila flashi. Mwili utaubadilisha, lenzi utazeeka nazo.

Uliza imeshafyatuliwa mara ngapi. Kila kamera ya sasa inajihesabia yenyewe, ukiingiza picha yake kwenye kompyuta inaonekana. Kamera ya harusi inaweza kuwa imefyatuliwa mara laki moja na bado inang'aa, kwa hiyo usidanganywe na mng'aro. Piga picha ya ukuta mweupe, uikuze, utafute madoa. Mulika tochi ndani ya lenzi utazame kama kuna ukungu. Betri ikae siku nzima. Chaja iwepo. Na nunua kwa mtu mwenye duka lenye mlango, ambaye kesho utamkuta pale pale.

Lakini kabla ya yote hayo: kamera yoyote utakayoonyeshwa, bonyeza kile kitufe kilicho pembeni ya lenzi, zungusha, ichomoe. Ndani utaona kioo kidogo kimelala mshazari. Usipokiona, hiyo siyo unayoitaka. Nenda ukafanye hivyo wiki hii, kisha niandikie umeona nini.

Mjomba

Najua utaniuliza nimeyajuaje haya. Nimesoma mahali.


Hosteli
2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima. Leo sina habari za lifti.

Umeniambia nichomoe lenzi nikuandikie nimeona nini. Sijaona kitu, mjomba, kwa sababu lenzi haitoki. Haikukwama. Haijawahi kutoka na haitatoka, imezaliwa hivyo. Mwenzangu wa chumbani hana kamera, ana vitabu vya sheria tu. Kamera ni yangu. Niliinunua tarehe 27 Februari, siku mbili baada ya kupata barua yako.

Nilinunua kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa anahama kesho yake. Alikuwa ameiweka kitandani katikati ya masanduku. Niliishika. Ilikuwa nzito, kubwa, nyeusi, ilijaza viganja vyote viwili kama ulivyosema. Niliifyatua karibu na sikio na mlio ulikuwa mkavu. Lenzi ilitoka mbele ndefu kama ya wapigapicha wa mpira uwanjani. Nilihisi kama wewe umesimama nyuma yangu unatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nililipa nikaondoka mbio, asibadilishe mawazo.

Jumatatu nikaipeleka darasani nimeivaa shingoni. Mwalimu wa picha akaishika, akaizungusha lenzi mara moja, akanitazama. Akaniambia taratibu, wala hakunicheka, "Hii si ya kubadilisha lenzi. Kwa darasa langu haitakufaa." Heri angenicheka.

Sikukwambia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu. Ya pili ni kwamba uliyonifundisha niliyafuata yote, hata moja sikuliruka, na sikujua nikuandikieje hilo bila kukuumiza. Nimejaribu kuandika hii barua mara nne.

Yule mwanafunzi ameshaondoka, simu yake haipatikani. Fedha zimeisha. Siku zilizobaki hadi tarehe 31 Mei hazifiki hata sitini. Msichana wa chumba cha pili, wa mwaka wa kwanza, ameiona kamera akaniuliza kama nauza. Naye anataka kuingia darasa la picha mwakani. Ningemwambia ni ile yenyewe angeamini, kama nilivyoamini mimi. Nimemwambia nitamjibu.

Sijamwambia Mama. Niambie la kufanya.

Kiroboto


Hosteli
28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilienda mara mbili ofisi ya vifurushi, barua zinakofikia, na mama wa dirishani sasa akiniona tu anatikisa kichwa.

Kama umenikasirikia, una haki. Kama Bibi anaumwa, tafadhali mtu aniambie. Nilimpigia Mama akasema kwenu ni shwari, ila wewe "unatembea tembea sana siku hizi". Nilimuuliza unatembea kwenda wapi, akasema nikuulize mwenyewe. Nakuuliza.

Yule msichana wa mwaka wa kwanza nimemwambia ukweli kwamba lenzi haitoki. Amenishukuru, na sasa sina mnunuzi.

Umebaki mwezi mmoja.

Mpwa wako


Studio
6 Mei

Kiroboto wangu,

Marahaba, na samahani. Bibi yako ni mzima, chumvi ameshinda. Sikukukasirikia hata kidogo. Nilikuwa na aibu, na mtu mzima akiwa na aibu anakuwa bubu, mtoto walau analia ikaisha.

Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Umenunua mzigo kwa sababu nilikwambia utafute mzigo. Kosa hilo halikuwa lako. Mimi nilikuelekeza kwa kamera ya miaka ya ujana wangu, kisha nikaongeza "lipa uondoke" kama mtu anayejua.

Basi nikwambie ukweli ambao bibi yako amekuwa akinisukuma niuseme tangu Februari. Nilikuandikia kwamba studio haikosi watu. Ni kweli hawakosekani. Wanakuja kuweka vyeti kwenye plastiki na picha kwenye fremu, picha zenyewe wamepigwa ng'ambo ya barabara. Mwaka wa nne huu sijampiga mtu picha. Filamu haiuzwi tena hapa, na dawa za kusafishia picha zilikauka ndani ya kopo. Mlango niliupaka rangi kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya wiki ile.

Ulipoandika Machi kuuliza habari za lenzi inayokaza, nilijua mambo yameharibika, sikujua kiasi gani. Mpwa wangu ananiuliza jambo la kamera, mimi mpigapicha, na sina jibu. Niliweka barua yako mfukoni nikasimama ukingoni mwa barabara mpaka muuza magazeti akaniuliza kama nasubiri mtu. Kisha nikavuka.

Dakika Tano alikuwa anasafisha kioo cha kaunta yake. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na habari za bomba la maji linalovuja kati yetu, lakini mdomo ukasema mengine. Nikamwambia, "Mpwa wangu anatafuta kamera, na mimi hizi za sasa sizijui." Unajua alifanya nini Dakika Tano? Alivuta kiti. Akachukua karatasi na kalamu, akaniandikia yote yale niliyokutumia Machi. Nilikwambia nimesoma mahali. Nilisoma kwenye karatasi yake.

Nikukumbushe kwamba siku alipofungua duka, miaka tisa iliyopita, alikuja kunisalimia, na mimi nikamuuliza anataka nini. Hakurudi, nikawa nasema ana kiburi.

Barua yako iliyofuata ilipofika, ile ya kukiri, nikavuka tena. Sikutaka kukupa ushauri mwingine wa kusikia. Nikamwomba aniazime kamera moja ya wanaoanza niishike mwenyewe. Akanipa ile aliyoanzia yeye, nyepesi mpaka nilidhani ameitoa betri. Nilikaa nayo majuma mawili. Nikampiga bibi yako, nikampiga muuza magazeti, fundi wa baiskeli, mama yako akiwa amekasirika na akiwa hajakasirika. Nikairudisha. Dakika Tano akaichomeka kwenye kompyuta akacheka hadi akakaa chini. Zilikuwa picha thelathini na sita. Kadi yake inabeba maelfu, na mimi nilifika thelathini na sita nikasimama, nikiamini imekwisha. Mkono ndio uliohesabu, miaka thelathini filamu ilikuwa inaishia hapo.

Kisha akaanza kuzitazama moja moja, kicheko kikaisha. Akaniuliza zile zilizoharibika nimezifutia wapi. Nikamwambia sikufuta, sijui hata panapofutiwa. Akarudi ya kwanza akazitazama zote upya. Nilitoka pale natembea kama nimeongezwa mshahara.

Sasa kuhusu wewe. Kamera yako si mbovu, wala yule mwanafunzi hakukuuzia takataka. Dakika Tano anasema kamera za aina hiyo ziko katikati, kati ya kamera ndogo ya mfukoni na hizi za kubadilisha lenzi. Zinavuta mbali sana. Ni za watu wanaotazama ndege na wanyama, wasiotaka kubeba mifuko ya lenzi. Tafuta mtu wa namna hiyo. Umefanya vizuri kumwambia yule binti ukweli, na mnunuzi mwingine naye mwambie hivyo hivyo kabla hajauliza. Chuo kina watu wa kila aina, mmoja anahitaji hicho ulicho nacho.

Ukishauza, rudi kwenye karatasi ya Machi. Ile ndiyo ya kufuata. Habari za uzito zifute, kwa idhini yangu.

Mjomba wako


Hosteli
16 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na Bibi shikamoo, najua unasoma kwanza. Nimeingia. Nimeliandika hilo mapema ili Bibi asiruke kurasa. Orodha ilibandikwa jana kwenye mlango wa maabara ya picha, majina kumi na mawili, langu la tisa. Niliisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikamwachia nafasi aliyekuwa nyuma yangu, ambaye hakuwemo. Furaha yangu niliipeleka nje.

Barua yako ya Mei nililia nayo kwenye ngazi za ofisi ya vifurushi. Yule mama wa dirishani alidhani nimefiwa, akaniletea maji.

Nikueleze kwa mpangilio. Niliandika tangazo: kamera inayovuta mbali, lenzi haitoki na haitatoka. Nikalibandika idara ya biolojia. Siku ya tatu akaja mwalimu msaidizi, kazi yake kuhesabu ndege wa kwenye bwawa la chuo. Kwa miaka miwili amekuwa akiwahesabu kwa darubini na kubishana na bosi wake. Nilimwambia kasoro kabla hajaishika. Akasema, "Lenzi nitoe nikaipeleke wapi?" Akavuta ndege aliye upande wa pili wa bwawa hadi manyoya ya shingo yakaonekana, akaacha kunisikiliza kabisa. Hakupunguza bei kwa kiasi cha kuniumiza.

Siku hiyo hiyo nikaenda duka lenye mlango. Muuzaji akanitolea mbili. Moja toleo jipya jipya, inang'aa, mkanda wake bado mgumu. Nikaomba kuichomeka kwenye kompyuta, akasita. Ilikuwa imefyatuliwa zaidi ya mara laki moja na elfu ishirini, kamera ya harusi kama mlivyosema. Ya pili ilikuwa na sura mbaya, mjomba. Raba ya mshikio imebanduka, kibao cha jina kimefutika, toleo la nyuma kabisa. Ilikuwa ya daktari wa meno aliyeitumia likizo tu. Mara elfu sita. Nikamulika tochi, nikapiga ukuta wake mweupe, nikabonyeza kile kitufe cha pembeni na lenzi ikatoka mkononi mwangu kwa urahisi, na kioo kilikuwa pale ndani kimelala mshazari. Nilisimama nikakitazama mpaka muuzaji akaniuliza kama kuna tatizo.

Ni nyepesi kama mkate. Usiwaambie watu.

Raba nimeibandika kwa gundi ya viatu, na hapo ndipo nilipopata picha zangu. Mama anayeshona viatu mlangoni pa hosteli ndiye aliyenipa gundi, akakataa malipo, akasema nimpige picha badala yake. Nilimpiga siku tano. Nilijiwekea thelathini na sita, nione mnaishije nyie watu. Mimi si wewe, kumi na moja ziliharibika. Lakini nilijikuta nasubiri. Siku ya mwisho zilikuwa zimebaki mbili tu, nikakaa karibu saa nzima bila kufyatua, mpaka aliposhika uzi kwa meno na kuutazama mwanga wa mlangoni. Mwalimu aliweka kidole kwenye hiyo akaniuliza nilijuaje kusubiri. Wenzangu walipiga mamia ili wapate kumi za kuchagua. Nikamwambia nimefundishwa na mjomba wangu, mpigapicha. Nilisema hivyo hivyo, mpigapicha, na nilimaanisha sasa hivi, si zamani.

Picha hiyo ndiyo niliyoiweka ndani ya bahasha. Nakala ya pili ni ya kumpa Bwana Dakika Tano. Mpelekee na shukrani zangu.

Mpwa wako,
Kiroboto


Studio
30 Juni

Kiroboto,

Marahaba, na hongera mara kumi na mbili. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa sauti kwa bibi yako, ambaye alijifanya hajaisoma, na ya tatu nilivuka barabara nikamsomea Dakika Tano. Wateja wawili walikuwa wanasubiri, nao wakasikiliza. Mmoja akauliza kama huyo mwalimu wa ndege amepatana na bosi wake. Nimeahidi kuuliza.

Picha ya mama wa viatu nimeitazama kwa kioo cha kukuzia. Ungesogea hatua moja kushoto ule mlango usingemkata bega. Hilo tu. Nimeitafutia kosa jingine siku nzima sikuliona. Nimeiweka kwenye fremu nzuri kuliko zote nilizonazo, na mtu alipotaka kununua fremu nimemwambia haiuzwi.

Huku kila Jumamosi nakwenda ng'ambo ya barabara. Dakika Tano amekiri kwamba wazee na watoto wachanga humshinda, anawafyatulia mara mia na wote wanatoka kama wameitwa polisi. Mimi nakaa nao kidogo, tunaongea, nawapiga mara mbili. Sasa watu wanakuja wanauliza kama mzee yupo. Juzi alikuja ajuza wa miaka tisini ambaye nilimpiga siku ya harusi ya binti yake. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huu. Nikamwomba anitazame.

Tatizo ni kwamba natumia kamera ya mtu. Mwenyewe hana neno, lakini mimi nina neno. Nimekuwa nikiweka fedha kidogo kidogo kwenye lile kopo la dawa za kusafishia, ambalo sasa lina kazi tena. Dakika Tano angenichagulia, ila yeye hujali sana mambo ya kasi, na mimi sina haraka ya kwenda popote.

Kwa hiyo ukija likizo Agosti twende wote dukani, wewe ndiye utakayeongea na muuzaji. Nataka ya bei ya chini, ya mtu anayeanza. Mama yako usimwambie kwanza, nataka nimwambie mwenyewe.

Mjomba wako